Lehemu: namba moja haitoshi kujua hali ya moyo

Ukisafiri kutoka Dodoma kwenda Singida utakuta madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya barabara, na muuzaji atakuhakikishia: "Haya hayana lehemu kabisa." Hadanganyi; lehemu, yaani kolesteroli, haimo. Ila hata mawese na mafuta ya nazi ukiyatafuta lehemu huioni, maana lehemu ni kitu cha wanyama, na iliyo nyingi mwilini mwako imetengenezwa na ini lako mwenyewe. Alizeti inasifiwa kwa sababu nyingine: ina mafuta machache ya aina inayoganda. Hayo yanayoganda, yaliyojaa kwenye samli, shahamu, nazi na mawese, hulifanya ini lizembee kuiondoa lehemu kwenye damu.

Kwa fundi, lehemu ni ile risasi inayoyeyushwa kuungia vyuma. Jina limemfaa daktari pia, kwani hii ya kwenye damu nayo hunata pasipotakiwa. Hata hivyo si sumu. Bila lehemu mwili haujengi kuta za chembe zake wala homoni kadhaa. Kwa kuwa haiyeyuki kwenye damu, husafirishwa imefungwa kwenye vifurushi. Vinavyoitwa LDL huipeleka mwilini, na vikizidi hupenya kwenye kuta za mishipa na kujenga uvimbe wa mafuta, polepole, kwa miaka, bila maumivu yoyote. Siku uvimbe huo ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia: kwenye moyo ni shambulio la moyo, kwenye ubongo ni kiharusi. Vifurushi vingine, HDL, hurudisha ziada kwenye ini. Wembamba si kinga. Wapo watu wembamba wenye LDL ya kutisha.

Sasa karatasi ya majibu. Mmoja anasema yake ni 5, mwenzake anashtuka kwa kuwa yake ni 193. Ni kiwango kilekile: maabara moja imetumia kipimo cha mmol/L, nyingine mg/dL. Ukitaka kugeuza lehemu kutoka ya kwanza kwenda ya pili, zidisha kwa 38.7.

Wengi huishia kwenye namba hiyo, na hapo ndipo wanapokosea. Chukua mama wa miaka 42, havuti sigara, presha yake iko sawa, na baba wa miaka 62 anayevuta, ana kisukari na namba ya juu ya presha yake ni 160. Wote wamepimwa lehemu 5.8 mmol/L. Hatari ya baba ni kubwa mara nyingi zaidi. Ndiyo maana chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 huunganisha umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na lehemu, kisha hukadiria uwezekano wa kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Aliyekwisha kupata mojawapo hahitaji chati. Wala mwenye LDL ya 4.9 mmol/L au zaidi, ambayo mara nyingine hurithiwa kwenye ukoo. Hao huzungumza na daktari kuhusu dawa moja kwa moja.

Na nyama choma ya mnada wa Msalato, Dodoma, je? Mbavu za mbuzi zikitolewa shahamu, mara mojamoja, hazinitishi sana. Ninayemhofia ni yule anayevuta sigara ya tatu akisubiri ziive, na mara ya mwisho kupimwa presha haikumbuki.