"Humu hamna mtu" si uongo wa daima

Nimesahihisha tena karatasi yenye sentensi ile ile, na safari hii siwezi kunyamaza: "Kauli inayojipinga inapotamkwa haiwezi kuwa kweli kamwe." Hilo "kamwe" ndilo linaloniudhi.

Piga hodi nyumba yoyote hapa Mbeya, sauti ijibu kutoka ndani: "Humu hamna mtu!" Utacheka, maana sauti yenyewe imeshatoa ushahidi kwamba mtu yumo. Lakini tazama kilichoharibika ni nini. Maana ya kauli haina kasoro. Saa nne asubuhi baba yuko shambani, mama kaenda sokoni Mwanjelwa, watoto wako shule: humo hamna mtu, kweli tupu. Kisichowezekana ni mtu aliyemo kuisema ikawa kweli. Neno limegongana na tendo la kulisema, basi. Sasa chukua "Tukuyu mvua inanyesha na hainyeshi", saa ile ile, mahali pale pale. Hii ni mfu hata asiitamke mtu. Inong'one, iandike, iache kichwani, haifufuki.

Wala msinichanganyie na mtoto anayetumwa mlangoni mdai akija: "Mama kasema hayupo." Mtoto hajajipinga hata kidogo. Mama kasema hivyo kweli! Anayeumbuka ni mama.

"Hili ninalosema sasa ni uongo" naliacha, huo ni ugonjwa mwingine: likiwa kweli ni uongo, likiwa uongo ni kweli.

Nang'ang'ania tofauti hii kwa sababu watu hurukia hitimisho kubwa. "Siwezi kusema 'sipo' ikawa kweli, kwa hiyo ni lazima niwepo." Hiyo lazima imetoka wapi? Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, mwaka 1641 alikuwa mwangalifu kuliko wanaomtaja: "mimi nipo" ni kweli kila mara anapoitamka au kuiwaza. Kila mara anapoiwaza, jamani, si milele. Mwaka 1962 mwanafalsafa Jaakko Hintikka wa Ufini alionyesha kwamba nguvu ya kauli hiyo iko katika tendo lenyewe la kuiwaza, na mpaka leo sijaona maelezo yanayoniridhisha zaidi.

Panaponisumbua ni kwenye kikaratasi cha mlango wa duka: "Sipo, narudi sasa hivi." Alipoandika alikuwepo. Ninaposoma hayupo, naamini, naondoka. Mwanafalsafa Mmarekani David Kaplan aliihesabu "mimi nipo hapa sasa" kuwa kweli ya kimantiki, isiyoweza kutamkwa ikawa uongo, na kikaratasi hiki kinaikanusha bila kumdanganya mteja hata mmoja. Wapo wanaojibu kwamba "sasa" ya maandishi ni wakati wa msomaji anaposoma, si wa mwandishi anapoandika. Jibu hilo nimelifundisha miaka mingi, na imani yangu kwalo inazidi kupungua. Chukua barua ya babu: "Mimi nipo, mzima wa afya." Ninaisoma leo, naye tumeshamzika. Kwa hesabu ya msomaji, babu kasema uongo. Mimi siwezi kusimama mbele ya darasa nikasema hivyo.