Kuishi na saratani ya utumbo mpana iliyosambaa

Wagonjwa wengi wa saratani ya utumbo mpana kutoka Newala, Nachingwea na vijiji vya pwani ya Lindi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaingia kwenye ini au mapafu, kwa kuwa damu waliyoiona chooni ilidhaniwa kuwa ni bawasiri, na uchovu ukahesabiwa kuwa ni wa msimu wa korosho.

Uvimbe unapoziba utumbo, daktari wa upasuaji huweza kutoa sehemu ya utumbo juu ya tumbo ili choo kipite kwenye mfuko unaobandikwa kwenye ngozi. Ukiwauliza wagonjwa kinachowaelemea, wapo wanaoutaja mfuko huu kabla ya maumivu: hofu ya harufu msikitini, kuacha kwenda harusini, mwenzi kuhamia chumba kingine. Aliyekosa mfuko wa hospitali hufunga nailoni kwa kipande cha kanga, na choo kikishagusa ngozi huichubua.

Mengi ya haya yanarekebishika. Utumbo uliotokeza huwa mwekundu na wenye unyevu, wala hauumi ukiguswa taratibu. Uoshwe kwa maji ya uvuguvugu, ngozi inayouzunguka ikaushwe vizuri (jasho la huku kwetu hubandua gundi upesi), na mfuko umwagwe unapofika theluthi hadi nusu. Kuhusu swala, masheikh hufundisha kwamba mwenye udhuru wa kudumu hutawadha kila unapoingia wakati wa swala ya faradhi, kisha akaswali.

Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali ambayo kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, si dalili kwamba mtu ameshakatiwa tamaa. Hata hivyo hufunga choo, kwa hiyo iandamane na dawa ya kulainisha. Tumbo likivimba, mgonjwa akatapika na mfuko usipate choo wala hewa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nisichokubaliana nacho ni ndugu kumficha mgonjwa ugonjwa wake huku wakipanga kuuza shamba lake la mikorosho wampeleke Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Dawa za kemikali za kutibu saratani (kimoterapia) katika hatua hii mara nyingi huongeza muda na kupunguza mateso, lakini ni nadra kuponya, na mwenye shamba anastahili kuelezwa hivyo kabla hajaulizwa kama liuzwe.