Mbu gani, kirusi gani? Hesabu ya chikungunya

"Mtaani kwetu mbu ni wengi, tuko hatarini?" Swali hilo halina jibu mpaka ujue ni mbu gani na kirusi cha ukoo gani. Chikungunya na o'nyong'nyong ni virusi ndugu kabisa, na homa zake hufanana, lakini cha kwanza husafiri na Aedes, anayeuma mchana, na cha pili na Anofelesi, yule yule wa malaria.

Tofauti huanzia tumboni mwa mbu. Akishanyonya damu ya mgonjwa, kirusi hakina budi kuingia kwenye seli za ukuta wa utumbo, kizaliane humo, kitoke, kisha kifike kwenye tezi za mate. Kikikwama ukutani, mbu ataendelea kuuma watu bila kumwambukiza yeyote.

Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu wakati wa ukame, watu wakihifadhi maji majumbani, na aliyeisambaza ni Aedes aegypti. Ikavuka hadi Komoro, kisha Réunion. Huko aegypti ni wachache, aliyejaa ni Aedes albopictus, ambaye kirusi cha mwanzo hakikumwingia kwa wepesi. Katika mlipuko huo wa 2005 na 2006 kirusi kikabadilika mahali padogo mno: kwenye protini ya ganda iitwayo E1, nafasi ya 226, asidi amino moja (kijenzi cha protini) iitwayo alanini ikawa nyingine, valini. Basi! Utumbo wa albopictus ukafunguka, na theluthi moja hivi ya wakazi wa kisiwa wakaugua. Mwaka 2007 kirusi chenye badiliko hilo kikafika kaskazini mwa Italia, ambako albopictus alikuwa keshaweka makazi.

Kasi nayo ina uzito wake. Chukua mbu 100 walioambukizwa, kila siku wakibaki hai asilimia 90. Kirusi kikihitaji siku 10 kufika mateni, watakaoishi hadi kuambukiza ni 35 tu. Kikihitaji siku 3, ni 73. Chikungunya ni ya mbio hizo. Dengi huchukua kama siku 8 hadi 12. Ndiyo maana nikisikia "mbu wamepungua" situlii, maana wachache wanaoishi muda mrefu wanatosha.

Kuwatambua, mtazame mbu mgongoni, nyuma tu ya kichwa. Mstari mmoja mweupe ulionyooka ni albopictus. Mistari iliyopinda pembeni kama kinubi ni aegypti.

Kwenye pipa la maji, kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai hugandishwa ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na hustahimili ukavu kwa miezi. Ukijaza tena, yanaanguliwa, na kwenye joto la pwani viluwiluwi huwa mbu ndani ya siku 7 hadi 10. Kwa hiyo sugua kuta za ndani kwa brashi ngumu kila wiki, suuza, mwaga maji hayo kwenye mchanga mkavu, kisha funika kwa kitambaa kilichokazwa kwa kamba. Mfuniko uliopinda huacha upenyo, na mbu jike hahitaji zaidi ya huo.