Miti ya The Quarry si ile ya 1719

Wengi wanaotembelea The Quarry, bustani ya umma kando ya Mto Severn mjini Shrewsbury, Uingereza, huamini kwamba miti mirefu iliyopanga safu njiani ndiyo ileile iliyopandwa mwaka 1719. Imani hiyo ina msingi: safu zilianza mwaka huo kweli. Lakini miti yenyewe, jamii ya Tilia (Waingereza huiita kwa jina lilelile la ndimu, ingawa haina undugu nayo), ilizeeka, ikakatwa na kupandwa upya baada ya Vita Kuu ya Pili.

Unaweza kukadiria mwenyewe umri wa mti kwa kupima shina lake. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia shina kwenye kimo cha kifua. Mti uliosimama peke yake huongeza mzingo kama sentimita 2.5 kwa mwaka. Ulio kwenye safu huongeza pungufu ya hapo. Shina la miaka 300 lingehitaji watu kadhaa kulikumbatia. Kisha linganisha na picha za zamani kwenye maktaba ya mji. Kwangu mimi, waliopanda upya wanastahili heshima sawa na wale wa kwanza.