Hasara ya Vita Katika Makavazi: Maana Yake

Kazi ya sanaa huitwa hasara ya vita ikiwa ilikuwa kwenye rejista ya makavazi kabla ya mapigano, na baadaye ikakosekana: imeteketea, imeporwa, au haijulikani iliko. Hali hizi tatu zisichanganywe. Kilichoteketea hakitafutwi tena. Kilichoporwa bado ni mali ya mwenyewe, na aliyekinunua anaweza kudaiwa. Kisichojulikana kiliko hubaki wazi rejistani; ukikifuta kwa kudhani kiliungua, umemrahisishia mwizi kazi ya kukiuza.

Kutofautisha hali hizo si rahisi. Mei 1945, moto uliwaka Berlin katika mnara wa mizinga ya kutungulia ndege wa Friedrichshain, ambamo makavazi yalikuwa yameficha hazina zao. Michoro zaidi ya 400 haikuonekana tena, mitatu ikiwa ya Caravaggio, mchoraji mashuhuri wa Italia. Ulinzi ulikuwa hafifu siku hizo, hivyo hakuna awezaye kuapa kwamba yote iliungua.

Kinachorudisha mali ni maandishi. Jacques Goudstikker, mfanyabiashara wa sanaa wa Amsterdam, alifia melini Mei 1940 akiwakimbia Wanazi. Alikuwa na daftari dogo lenye orodha ya kazi zaidi ya 1,100. Kwa nguvu ya daftari hilo, warithi wake walirudishiwa michoro 202 na Uholanzi mwaka 2006.

Mwaka huohuo fimbo za uongozi za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyewapinga Waingereza, zilirudi Nandi kutoka Uingereza. Zilipochukuliwa hazikuwa za makavazi, kwa hiyo kwa maana kamili haziingii humu, lakini aliyezichukua alijulikana: Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Uingereza aliyemuua Koitalel tarehe 19 Oktoba 1905. Vifaa vingi vilivyoondoka enzi hizo havina hata jina la aliyevibeba, na hilo linauma.

Kwa hiyo anayetunza mkusanyiko, awe Kisumu, Kakamega au Nakuru, aanze na nambari ya rejista. Iandikwe kwenye kifaa chenyewe, si kwenye kibandiko au fremu pekee, kwani waporaji hukata mchoro kwa wembe na kuiacha fremu ukutani. Vipimo ni kwa sentimita, bila fremu. Piga picha mbele na nyuma, rula ikiwa kando. Mara nyingi mihuri na majina ya wamiliki wa zamani huwa nyuma. Kisha piga kwa karibu kila ufa, kiraka na alama ya kuungua. Vibuyu viwili vya maziwa vyaweza kufanana kwa umbo na rangi, ila si kwa nyufa.

Nakala ya rejista ikae mji mwingine, la sivyo itaungua pamoja na vitu.

Kikipotea kitu, ripoti polisi mara moja ukiwa na picha na vipimo hivyo. Ofisi ya Interpol, shirika la polisi la kimataifa, iliyoko nchini ndiyo hukipeleka kwenye orodha ya kimataifa ya kazi zilizoibwa, na orodha hiyo hupokea tu kitu kinachoweza kutambulika bila shaka. “Kigoda cha zamani cha mti” hakitaingia.