Injinia wa vyombo vya anga anafikaje Politburo ya China? Kisa cha Yuan Jiajun

Watu wakisikia kwamba Yuan Jiajun, mjumbe wa Politburo (kamati ya juu ya Chama cha Kikomunisti) na katibu wa chama wa Chongqing, mji wenye watu zaidi ya milioni 30, ujana wake wote aliumalizia kwenye kutengeneza vyombo vya kupeleka watu angani, swali linalofuata ni lile lile: sasa huyu siasa aliingia lini? Tunaulizwa sana hili, na mimi nasema swali lenyewe limekaa vibaya kidogo, maana linachukulia kama vile kati ya karakana ya roketi na chama kuna ukuta, mtu anauruka siku moja anatua upande wa pili. China ukuta huo haupo. Ngoja tuende taratibu mtaelewa.

Yuan Jiajun kazaliwa Septemba 1962 huko Tonghua, jimbo la Jilin, kaskazini mashariki. Akasoma usanifu wa ndege na vyombo vya kurushwa pale Beijing, chuo ambacho leo kinaitwa Beihang, akamaliza 1984, kisha akaingia kwenye taasisi ya teknolojia ya anga, ile ambayo Wachina wa zamani bado wanaiita Akademia ya Tano. Mzizi wa taasisi hiyo una historia yake. Oktoba 1956 wizara ya ulinzi ilianzisha akademia ya tano ya utafiti wa makombora chini ya Qian Xuesen, mwanasayansi aliyerudi kutoka Marekani mwaka mmoja kabla baada ya kubanwa huko kwa miaka mitano akituhumiwa ukomunisti. Kutoka kwenye huo mzizi ndo ikaja setilaiti ya kwanza ya China, Aprili 1970, kilo 173, ikizunguka dunia inapiga wimbo. Kwa hiyo kijana Yuan anaingia pale miaka ya 80 hajaingia kampuni ya kawaida, kaingia nyumba iliyojengwa na jeshi na chama kwa pamoja.

Sasa hapa ndo penye utamu. Mradi wa kupeleka binadamu angani China iliupitisha Septemba 1992, wakauita 921, ukagawanywa mifumo 7: wanaanga wenyewe, vifaa vya utafiti, chombo, roketi, uwanja wa kurushia, mawasiliano na ufuatiliaji, na eneo la kutua. Kila mfumo una wakubwa wawili. Mmoja msanifu mkuu, huyu anashika hesabu na michoro. Mwingine kamanda mkuu, huyu anashika watu, hela, ratiba, viwanda vinavyoleta vipuri, na akili za wakubwa walio juu yake. Kwenye mfumo wa chombo cha Shenzhou msanifu mkuu alikuwa Qi Faren, mzee aliyekuwa kwenye timu ya setilaiti ile ya 1970. Kamanda akawa Yuan, hajafika hata miaka 40.

Mtu anaposema "injinia kawa mwanasiasa" ajue kwamba huyu cheo kilichompandisha hakikuwa cha hesabu, kilikuwa cha ukamanda. Chombo cha Shenzhou peke yake kina mifumo midogo 13, kila mmoja una kiwanda chake, mkurugenzi wake na katibu wake wa chama, na kila mmoja anaona kifaa chake hakina kosa, mwenye kosa ni jirani. Kuwaweka hao meza moja wakubaliane tarehe, ukiniuliza mimi, hiyo tayari ni siasa, na ngumu kweli kweli.

Mfano mmoja tuutazame vizuri. Mwaka 2001 walikuwa na Shenzhou 3 uwanjani Jiuquan, jangwani, kila kitu kimeshafikishwa, watu wanasubiri kurusha. Kwenye kupima wakakuta pini moja, pini ya umeme kwenye plagi inayopitisha nyaya kwenye ukuta wa chombo, haipitishi. Ingekuwa mimi na wewe tungebadilisha plagi tukaendelea na safari. Wao wakachimba wakagundua tatizo liko kwenye usanifu wa plagi yenyewe, yaani zote za aina hiyo hazifai, zikang'olewa zikatengenezwa upya, na urushaji ukasogezwa kama miezi 3. Chombo kikaruka 25 Machi 2002. Fikiria kumpigia simu mkubwa Beijing unamwambia hatuendi kwa sababu ya pini.

Utaratibu huo wana jina lake, kurudisha sifuri, na ulikazwa baada ya maafa ya miaka ya 90. Februari 1996 roketi ya Long March 3B ilipinda sekunde chache tu baada ya kuondoka uwanja wa kurushia wa Xichang ikaenda kugonga mlima ikiwa na setilaiti ya Intelsat, watu wakafa. Baada ya hapo ikawa sheria: hitilafu yoyote lazima uonyeshe ilipotokea hasa, ueleze imetokeaje, uirudie kwa makusudi ili kuthibitisha, uonyeshe dawa inafanya kazi, halafu ukague vifaa vingine vyote vinavyofanana. Hapo ni upande wa ufundi. Upande wa uongozi nako maswali matano, pamoja na nani alihusika na kanuni ipi ilikuwa na tundu. Mpaka yote yamejibiwa kesi haifungwi.

15 Oktoba 2003 saa 3 asubuhi za Beijing mwanaanga Yang Liwei akapaa na Shenzhou 5, akazunguka dunia mara 14, masaa 21 hivi, akatua Mongolia ya Ndani alfajiri ya kesho yake. China ikawa nchi ya tatu kupeleka mtu angani kwa uwezo wake. Yuan ana miaka 41 na jina lake linajulikana kwa watu wenye maamuzi.

Baadae akawa naibu mkurugenzi mkuu wa CASC, shirika mama la anga, na hapa nirudi kwenye ule ukuta usiokuwepo. Mashirika makubwa ya serikali kule yamewekwa kwenye ngazi za vyeo kama ofisi nyingine za dola. Mkurugenzi mkuu wa CASC cheo chake ni sawa na naibu waziri, wasaidizi wake ngazi inayofuata chini. Faili zao ziko kwenye mfumo wa chama, na anayesema nani aende wapi ni Idara ya Oganaizesheni. Chama chenye wanachama zaidi ya milioni 100 hakitafuti viongozi kwa kampeni, kinawatafuta kwa mafaili. Kwa hiyo 2012 Yuan alipopelekwa Ningxia, jimbo dogo la magharibi la Wahui, yaani Wachina Waislamu, watu kama milioni 7, kwa macho ya nje ilionekana kahama fani, kwenye faili ilikuwa ni hatua moja juu ya ngazi ile ile.

Wasomaji wa Tanzania waliokua enzi za chama kushika hatamu hawatapata shida na kinachofuata. Jimbo lina gavana na lina katibu wa chama, na mkubwa ni katibu. Yuan akatolewa Ningxia 2014 akapelekwa Zhejiang, pwani tajiri, kwanza naibu gavana, 2017 gavana kamili, 2020 katibu. Na Zhejiang sio jimbo la kawaida, Xi Jinping mwenyewe alikuwa katibu pale 2002 mpaka 2007, kwa hiyo anayewekwa pale anaangaliwa kwa jicho la pekee.

Huko ndo utaona injinia hajaacha ufundi wake. Mapema 2021 alianzisha kile alichokiita mageuzi ya kidijitali, akitaka kazi ya serikali ichambuliwe kama chombo cha anga, kazi kubwa inavunjwa vipande vidogo, kila kipande kina mwenyewe, kina kipimo, halafu vinaunganishwa tena na kupimwa kwa pamoja. Kabla ya hapo jimbo lilikuwa na mpango wa mwananchi kwenda ofisini mara moja tu, na app yao ya Zheliban ya huduma za serikali. Ni rahisi kusifia, na kwa mtu aliyezoea njoo kesho unaweza ukatamani. Ila msisahau pia kwamba ni Hangzhou, mji mkuu wa jimbo hilo hilo, Februari 2020 Yuan akiwa gavana, ambako ule msimbo wa afya wa kwenye simu wakati wa korona, wa rangi kijani, njano na nyekundu, ulianza kutumika kuamua nani atoke nyumbani, ukaenea nchi nzima. Pini inayokaguliwa hailalamiki. Binadamu analalamika, na kwenye ramani ya mifumo sijaona kisanduku cha malalamiko yake.

Oktoba 2022 akaingia Politburo, watu 24 (na safari hiyo hakuna hata mwanamke mmoja), Desemba akapewa Chongqing. Mji mzito huo, makatibu wake wawili wa miaka ya nyuma, Bo Xilai na Sun Zhengcai, waliishia jela.

Hakuwa peke yake. Ma Xingrui, aliyekuwa bosi wa CASC na kamanda wa mradi wa Chang'e 3 uliotua mwezini Desemba 2013, alipitia Shenzhen, akawa gavana wa Guangdong, kisha katibu wa Xinjiang, akaingia Politburo siku moja na Yuan. Zhang Qingwei, naye bosi wa zamani wa CASC, kaongoza Hebei, Heilongjiang na Hunan lakini Politburo hakufika. Wachina wanawaita ukoo wa anga. Wahandisi serikalini sio jambo jipya, 2002 Kamati ya Kudumu ya Politburo yote, yaani wakubwa wa juu kabisa, watu 9, walikuwa wamesomea uhandisi, Hu Jintao mwenyewe, kiongozi wa chama wakati huo, alisomea mambo ya maji. Tofauti ni kwamba hawa wapya wametoka kwenye miradi ya siri, hawana watu wao mikoani, hawana ukoo wa kisiasa, kwa hiyo kwa aliye juu ni watu salama kidogo, na wakati ambao nchi inabanwa teknolojia na Marekani wanafaa pia kwa picha.

Usalama huo nao una mwisho. Desemba 2023 wakuu watatu wa viwanda vya ulinzi, akiwemo mwenyekiti wa CASC Wu Yansheng, walivuliwa ujumbe wa baraza la mashauriano. Julai 2025 Ma aliondolewa Xinjiang, tangazo likasema tu atapangiwa kazi nyingine.

Mkutano mkuu wa chama unaofuata ni 2027. Kuna mazoea kwamba mwenye 67 anaweza kubaki na mwenye 68 anapumzika, japo Xi mwenyewe aliyavuka 2022. Yuan atakuwa ametimiza 65.