Dawa ya minyoo kwa ndama wa malishoni: jua mnyoo kabla ya kununua chupa

Mfugaji akishuka kutoka Masisi na kuingia farmasi ya mifugo hapa Goma, swali lake karibu siku zote ni lile lile: "Dawa gani ya minyoo ina nguvu?" Tunamwelewa. Ndama amekonda, manyoya yamesimama, mkia umechafuka kwa kuhara, na safari ya kurudi ni ndefu. Lakini hakuna dawa inayoshinda kila mnyoo. Ipo inayosafisha tumbo na isiguse kabisa minyoo ya ini. Ndiyo maana veterineri, kabla hajakutajia dawa, atakuuliza mambo mawili: ndama ana umri gani, na anachungwa wapi.

Tuanze na umri. Ndama anayenyonya tu, hata kama hajaonja nyasi, anaweza kuwa na minyoo mikubwa myeupe inayoweza kufikia sentimita 30. Inaitwa toksokara. Watoto wa mnyoo huyu wanamwingia kupitia maziwa ya mama yake siku za kwanza za maisha. Kinyesi kinakuwa cha rangi ya udongo na kinanuka vibaya, na ndama anadhoofika huku ng'ombe ana maziwa ya kutosha. Huyu anatibiwa mapema, akiwa na wiki 2 hadi 3, kwa piranteli, levamisoli au albendazoli, kwa kipimo atakachokuambia veterineri. Ukingoja mpaka aanze kula majani, madhara yamekwisha kutokea.

Akianza kuchungwa, hesabu inabadilika. Mayai ya minyoo ya tumbo yanatoka na kinyesi, yanaanguliwa, na kwa joto na unyevu vijidudu vinakuwa tayari kuambukiza baada ya wiki 1 au 2. Vinapanda kwenye majani yaliyolowa, ndama anavimeza, na baada ya wiki 3 au 4 yeye mwenyewe anatapakaza mayai mapya malishoni. Huku kwetu mvua zinaanza Septemba na nyasi hukaa mbichi muda mrefu, kwa hiyo ndama katika mvua zake za kwanza ndiye anayebeba mzigo mkubwa. Ng'ombe mzima mwenye afya ameshajenga kinga. Ushauri wetu ni huu: fedha ya dawa iende kwanza kwa ndama, na ng'ombe wazima walionona waachwe. Si suala la kubana matumizi tu. Ukitibu kundi zima kila mara, minyoo inayobaki hai ni ile tu isiyosikia dawa, na ndiyo itakayozaa. Ukiacha wanyama wenye afya bila dawa, minyoo yao inayosikia dawa inaendelea kuchanganyika na ile sugu, na dawa yako inadumu miaka mingi zaidi.

Mahali pia pana neno lake. Kwenye milima ya baridi na ukungu kama Mushaki, ndama anayekohoa akikimbizwa kidogo huenda ana minyoo ya mapafu. Levamisoli, ivermektini na jamii ya albendazoli zote zinaifikia. Kwenye mabonde yenye kinamasi na konokono wa majini, shaka ni minyoo ya ini, ile bapa kama jani. Muulize anayechinja kama anaikuta kwenye maini ya ng'ombe wa upande wenu. Hapo ivermektini haisaidii kitu. Albendazoli inaua iliyokomaa tu, tena kwa kipimo cha juu zaidi: miligramu 10 kwa kila kilo ya mnyama, wakati minyoo ya tumbo inatosheka na 7.5. Triklabendazoli inaua hata michanga.

Jambo linalotusumbua zaidi ni majina. Mfugaji anasema amebadilisha dawa kwa sababu amenunua chupa ya rangi nyingine, kumbe ndani ni albendazoli ile ile. Geuza chupa usome maandishi madogo. Albendazoli na fenbendazoli ni jamii moja. Levamisoli ni ya pili. Ivermektini ni ya tatu. Umebadilisha dawa pale tu unapohama kutoka jamii moja kwenda nyingine. Na ivermektini ya sindano usiipe ng'ombe anayekamuliwa, kwa kuwa inabaki kwenye maziwa, na maziwa hayo yanaingia mtindini na kwenye jibini ya Masisi tunayokula sote.

Soma pia asilimia. Ndama wa kilo 100 anahitaji miligramu 750 za albendazoli kwa minyoo ya tumbo. Chupa ikiandikwa 10%, hiyo ni mililita 7.5, ikiandikwa 2.5%, ni mililita 30. Anayetoa mililita 7.5 kutoka chupa ya pili ametoa robo ya dawa, na robo hiyo inaifundisha minyoo kuvumilia. Uzito usikisiwe kwa macho: zungusha utepe wa kupimia kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Levamisoli ndiyo ya kuogopa ukizidisha, maana ndama atatoa mate na kutetemeka. Unapomnywesha, kichwa kiwe sawa na mgongo, usikiinue juu, na dawa iingie polepole kwa pembeni mwa mdomo, isije ikashukia mapafuni.

Ndama mwenye homa kali na tezi zilizovimba chini ya masikio usimpe dawa ya minyoo ukatulia. Hiyo huenda ni homa ya kupe, nayo inaua kwa siku chache. Mwite veterineri siku hiyo hiyo.

Kama umetibu vizuri na ndama bado wanahara, usirudie dawa kwa kubahatisha. Chukua kinyesi kibichi moja kwa moja kutoka kwa ndama kadhaa siku ya kutibu, kisha tena baada ya siku 14. Kila kimoja kiwe kwenye mfuko wake safi, hewa imetolewa, na kikae mahali pa baridi mpaka kifike maabara. Mayai yasipopungua kwa angalau asilimia 95, jamii hiyo ya dawa imeanza kushindwa shambani kwako, na veterineri atakuchagulia nyingine.